Weusi wa Udongo wa Amani

Mjomba wangu alilima iliki milimani juu ya Muheza, chini ya kivuli cha msitu, kama wenzake wengi wa Usambara Mashariki. Miaka ya mwanzo aliuza vizuri. Kisha mashina yakadhoofika, akapanda mihogo palepale, nayo ikatoka myembamba. "Udongo umechoka, mjomba," aliniambia. Maafisa waliopita walimwita mharibifu wa msitu, na neno hilo ndilo lililonisukuma kusoma historia ya milima ile, maana kosa halikuanzia kwake.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka msitu wa Derema, Nguelo na Bulwa, wakapanda kahawa. Waliona miti mirefu na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakaamini kwamba ardhi inayobeba msitu wa namna ile haiwezi kuwa maskini. Kahawa ilistawi miaka michache, halafu mavuno yakaporomoka. Mitaji ikateremka tambarare kwenye mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka 1893.

Utajiri waliouona ulikuwepo kweli, ila haukuwa wa ardhi. Udongo wa mle ni mwekundu, mkongwe, wenye asidi kali, na mvua imeuosha virutubisho tangu kale. Kilicho hai ni tabaka jeusi la juu, ambalo msitu wenyewe hulitengeneza. Jani huanguka, kuvu na mchwa hulivunjavunja, mizizi midogo hufa na kuoza, na kaboni ambayo mti uliivuta hewani hubaki ardhini ikiwa mboji. Mboji ndiyo inayoshika maji, potasi na kalsiamu hadi mizizi ivifyonze tena. Ukikata miti, majani hayaji, jua linaichoma ardhi, vijidudu vinaila mboji upesi, kaboni inarudi hewani na virutubisho vinakwenda na mvua hadi Mto Sigi. Ndiyo maana miaka ya kwanza huwa mizuri: mkulima anavuna akiba inayoyeyuka mikononi mwake.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti Amani, katika milima hiyohiyo. Baadaye, chini ya Waingereza, mkemia wa udongo Geoffrey Milne alifanya kazi palepale. Ramani ya udongo wa Afrika Mashariki aliyoisimamia ilitoka mwaka 1936. Elimu ya udongo ilikuwepo, basi, hatua chache kutoka vijiji vyetu. Milimani chai ikashika nafasi ya kahawa kwa kuwa inastahimili asidi. Wakaja wakata magogo, na hadi miaka ya 1980 misumeno ilikuwa bado inalia. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997.

Mjerumani aliposhindwa Derema alihamia kwenye mkonge, wala hakuitwa mharibifu. Miaka ya 2000 wakulima wa iliki waliondolewa Derema hiyohiyo kwa fidia, ili vipande vya msitu viungane tena. Sipingi msitu kuungana. Ninachodai ni kwamba bwana shamba anayepanda milima ile leo aeleze kwanza habari ya mboji: majani yasichomwe, miti ya kivuli ibaki mingi kwenye karafuu na mdalasini, mabaki yarudi shinani. Na asiwafundishe wazee kama watoto, kwa kuwa wao waliuona weusi ule ukipungua mwaka hadi mwaka, jembe mkononi.