Antao, Omanyala na Kocha wetu

Kwenye kipindi cha juzi nilianza kumzungumzia rafiki yangu wa chuo, yule tuliyemwita Kocha, halafu sauti ikanikwama tukakatiza. Wacha nimalizie hapa.

Kocha alikuwa na mapenzi mawili: michezo na mamake. Jumamosi ni mpira, Cannon Hill Park, iwe mvua iwe jua. Jumapili humpati ng'o, yuko Sparkhill anambebea mama mifuko ya sokoni. Mama mtu ni wa Mombasa, na ndiye aliyemsimulia habari za Seraphino Antao.

Sisi tulimcheka. Ati Mkenya bingwa wa mbio fupi? Kenya tuliyoijua sisi ni ya mbio ndefu, basi. Kumbe ni kweli tupu. Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, familia yake ikiwa na asili ya Goa. Mwaka 1962, kule Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya kwenye michezo hiyo, na Kenya yenyewe bado ilikuwa koloni! Miaka miwili baadaye, nchi ikiwa huru, yeye ndiye aliyeibeba bendera yake Olimpiki ya Tokyo. Baadaye akaishi Uingereza, akafariki London mwaka 2011. Yaani tulipokuwa tukibishana, mwaka wa pili chuoni, mzee alikuwa bado hai, chini ya saa mbili kwa treni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumtafuta. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kocha alitutoka 2019. Moyo. Alikuwa na miaka 29.

Agosti 3, 2022 nilikuwa Alexander Stadium, Perry Barr. Ferdinand Omanyala akashinda mita 100 kwa sekunde 10.02, Mkenya wa kwanza kutwaa taji hilo tangu Antao. Miaka 60! Walionizunguka walikuwa wanarukaruka na bendera. Mimi nilitoka nje nikampigia mamake Kocha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeona," akasema, hata sijaeleza kitu. Kimya kidogo. "Nimeona, mwanangu. Umekula lakini?"