Wasahihishaji wa insha hawajawahi kukubaliana

KILA mara matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, hakosi mzazi wa kuuliza ilikuwaje mwanawe, hodari wa kuandika, akaambulia alama za kusikitisha katika insha. Lawama zote humwendea msahihishaji. Eti alikuwa mchovu, eti alisoma aya ya kwanza tu akamaliza. Malalamiko haya ni makongwe kuliko mitihani yetu, na historia yake inafaa kujulikana.

Nchini China, enzi ya watawala wa Song, yapata miaka elfu moja iliyopita, majina ya watahiniwa wa utumishi wa serikali yalifunikwa. Kisha makarani wakawa wanainakili upya kila karatasi ili msahihishaji asije akautambua mwandiko wa mpwa wake. Hapo mlango wa upendeleo ulifungwa barabara. Ila kuna tatizo lisilozibika kwa kufunika jina: wasahihishaji wawili waaminifu, wasiomjua mwandishi kabisa, huweza kuisoma kazi ile ile wakatofautiana kama mbingu na ardhi.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanauchumi Francis Edgeworth alilichunguza jambo hili kwa hesabu. Alichapisha kipande cha nathari ya Kilatini na kuwaomba watahini wenye uzoefu wakikadirie. Walijibu 28. Wa chini alitoa alama 45 na wa juu akatoa 100. Mnamo 1912, Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani waliwapelekea walimu wa shule za upili karatasi za Kiingereza. Karatasi moja, walimu 142, na alama zikasambaa kutoka 64 hadi 98. Walimu wa hisabati wasicheke: mwaka uliofuata wawili hao walijaribu karatasi ya jometri, na tofauti zikawa kubwa zaidi!

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Paul Diederich na wenzake, uliotoka mwaka wa 1961. Walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, wakawapa wasomaji 53 wa taaluma mbalimbali, walimu wa lugha, wanasayansi, wanasheria, waandishi na wahariri, wazipange katika viwango tisa bila mwongozo wowote. Hakuna insha hata moja iliyopata viwango chini ya vitano tofauti. Asilimia 94 zilipata viwango saba, vinane au vyote tisa. Lakini Diederich hakuishia kushangaa. Alipochambua maoni ya wasomaji aligundua kwamba walikuwa na makundi: wapo waliotazama fikira, wapo waliotazama makosa ya sarufi na tahajia, wengine mpangilio, wengine msamiati, na wengine ladha ya mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo hawakuwa wakibahatisha. Kila mmoja alikuwa akipima kitu chake.

Baada ya hapo, wengine walichagua njia ya mkato: mwondoe msomaji. Robert Lado, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu utahini wa lugha, alitetea kupima vipengele kimoja kimoja. Mtihani wa TOEFL, ulioanza mwaka wa 1964 na ambao Wakenya wengi wameufanya wakielekea ng'ambo, ulikaa miaka 22 bila insha. Mtu alichagua jibu tu, na mashine ikahesabu. Alama zilikuwa thabiti ajabu, lakini thabiti kuhusu nini? Kujua neno lipi linajaza pengo si kuandika barua ya kumshawishi chifu. Insha iliingizwa mwaka wa 1986.

Wengine waliona heri kumfunza msomaji. Mwaka wa 1981, Holly Jacobs na wenzake walitoa jedwali linalogawa alama 100 hivi: maudhui 30, matumizi ya lugha 25, mpangilio 20, msamiati 20, na tahajia pamoja na uakifishaji 5. Tano tu! Ningependa walimu wanaojaza wino mwekundu juu ya kila herufi walitazame jedwali hilo.

Sisi nasi, tangu KCSE ya kwanza mwaka wa 1989, tumeshika njia ya kati. Insha ya Kiswahili husomwa, ikawekwa kwenye kiwango cha A, B, C au D, kisha ikapewa alama kati ya 20. Ni utaratibu mzuri kuliko wanavyodhani wanaoulalamikia. Kinachonikera ni shule zetu kuuelewa kwa kombo. Mwalimu husikia kwamba msamiati na tamathali hutuzwa, basi anawakaririsha wanafunzi misemo. Matokeo yake ni insha kuhusu ajali ya barabarani inayoanza na jogoo kuwika, jua kuchomoza na methali tatu, na basi lenyewe halijaondoka kituoni. Msomaji anayependa fikira ataiangusha. Anayependa mapambo ataipandisha. Diederich angewatambua wote wawili.

Lipo pia suala la idadi ya maneno. Mtahiniwa huagizwa aandike insha isiyopungua maneno 400. Sasa hebu hesabu: "hatukukitafuta" ni neno moja, ilhali Mwingereza angehitaji manne au matano kusema hayo. Maneno 400 ya Kiswahili hubeba mzigo mzito kuliko 400 ya Kiingereza. Hata hivyo msahihishaji hukadiria maneno ya mstari mmoja, akazidisha, na insha ikionekana fupi hukatwa alama. Mtoto aliyeandika kwa vitenzi vilivyoshiba viambishi huadhibiwa, na aliyetapanya "kwa kweli" na "ya kwamba" hupita salama. Kabla ya kumkabidhi tarakilishi kazi hii, kama wengi wanavyohimiza siku hizi, ningeomba kwanza kanuni hiyo ya urefu iandikwe upya kwa kuhesabu silabi.