Mwana, Baba na Dola: Suala la Kusitiri Makosa ya Wazazi katika Sheria za China ya Kale

1.0 Utangulizi

Historia ya utawala katika China ya kale aghalabu husimuliwa kama mashindano ya kambi mbili. Upande mmoja wapo Walegalisti, walioshikilia kuwa dola husimama kwa sheria iliyoandikwa, thawabu na adhabu. Upande wa pili wapo Wakonfusio, yaani wafuasi wa mafundisho ya Confucius, walioshikilia kuwa dola husimama kwa maadili, taratibu za heshima na mfano mwema wa mtawala. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Walegalisti walitawala pamoja na dola ya Qin, iliyoiunganisha China mwaka 221 KK, wakaanguka nayo mwaka 206 KK. Kisha nasaba ya Han ikawapa Wakonfusio ushindi.

Insha hii inauhoji mtazamo huo kwa kuchunguza suala moja la kisheria: je, mtoto anayejua kosa la mzazi wake anapaswa kulifichua au kulisitiri? Hoja kuu ni kwamba mpaka uliozitenganisha falsafa hizi vitabuni haukufuatwa mahakamani. Qin na Han zote zilihitaji mamlaka ya baba, zikayalinda kwa adhabu, na sitara ambayo Confucius aliieleza kuwa ya pande mbili ikageuka kuwa wajibu mzito wa upande mmoja.

2.0 Kisa cha Kondoo na Tafsiri Zake

Chimbuko la mjadala ni kisa kifupi kilichomo katika Lunyu, mkusanyiko wa mazungumzo ya Confucius (551–479 KK). Mtawala wa eneo la She alimsifu mbele ya Confucius mtu mnyofu wa kwao, ambaye baba yake alipochukua kondoo asiye wake, yeye alitoa ushahidi dhidi yake. Confucius alijibu kwamba kwao unyofu ni wa namna nyingine: baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, jibu hilo halisemi kwamba wizi si kosa. Pili, sitara inayozungumzwa ni ya kupeana, na anayetajwa kwanza kuwa na wajibu huo ni baba.

Mencius, katika karne ya 4 KK, aliupeleka mjadala hadi kwenye kiti cha enzi. Aliulizwa mfalme Shun angefanya nini iwapo baba yake angemuua mtu. Alijibu kwamba hakimu angepaswa kumkamata muuaji, wala mfalme asingekuwa na haki ya kumzuia. Lakini Shun angeuacha ufalme, ambebe baba yake mgongoni kwa siri na kukimbilia naye pwani. Hivyo, hata Mencius alikiri kwamba mtu hawezi kutimiza wajibu wote miwili akiwa bado ameketi penye kiti cha enzi.

Han Fei (alifariki 233 KK), mwandishi mashuhuri kuliko wote wa mkondo wa Kilegalisti, alikisimulia kisa cha kondoo kwa mwisho tofauti. Katika masimulizi yake, mwana alimshitaki baba kwa afisa wa dola ya Chu, na afisa akaamuru mwana huyo auawe kwa kumkosea mzazi. Aidha, alimtaja askari wa Lu aliyekimbia vitani mara tatu kwa sababu baba yake mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumtunza, na Confucius akampendekeza apewe cheo. Kwa Han Fei, raia mwaminifu kwa mtawala ni mwana mwovu kwa baba, na mwana mwema kwa baba ni msaliti kwa mtawala. Dola inayowatuza wote wawili inajihujumu yenyewe.

Msimamo huo ulikuwa na mizizi katika mageuzi ya Shang Yang (alifariki 338 KK) huko Qin. Kwa mujibu wa Shiji ya Sima Qian, kaya zilipangwa katika makundi ya tano na ya kumi, zikawajibishwa kupelelezana. Aliyefichua kosa alipata thawabu sawa na ya askari aliyekata kichwa cha adui. Aliyenyamaza alikatwa kiunoni.

3.0 Ushahidi wa Shuihudi

Kama vitabu hivyo vingekuwa ndiyo picha kamili, sheria ya Qin ingetarajiwa kumhimiza kila mtoto amshitaki mzazi wake. Ugunduzi wa Desemba 1975 uliibua picha nyingine. Katika kaburi namba 11 huko Shuihudi, wilaya ya Yunmeng, mkoa wa Hubei, wanaakiolojia walikuta zaidi ya vibao 1,100 vyembamba vya mianzi vilivyozikwa pamoja na afisa wa ngazi ya chini aliyeitwa Xi, mnamo 217 KK. Vingi vinahusu sheria na uendeshaji wa mashauri.

Maswali na majibu ya kisheria yaliyomo humo yanatenganisha mashauri ya umma na yale yasiyo ya umma. Mwana akimshitaki mzazi katika shauri lisilo la umma, shitaka halipokelewi. Akishikilia kushitaki, yeye ndiye mwenye hatia. Miongoni mwa mashauri hayo yamo ya mzazi kumuua au kumjeruhi mtoto wake bila idhini. Ikumbukwe kwamba sheria hiyohiyo ilikuwa na adhabu kwa mzazi aliyemuua mtoto bila idhini: kuchorwa alama usoni na kufanyishwa kazi ngumu. Kosa lilitambuliwa; kilichofungwa ni kinywa cha mtoto. Kwa upande mwingine, kumbukumbu za mfano za mashauri zinamwonesha baba akiiomba serikali imuue mwanawe asiye mtiifu.

Zaidi ya hayo, maandiko ya kumwelekeza afisa yaliyokutwa humo kaburini yanataka mtawala awe na huruma, raia awe mwaminifu, baba awe mpole na mwana awe mtiifu. Maneno ambayo yangedhaniwa kuwa ya shule ya Confucius yalizikwa na mtumishi wa Qin, bega kwa bega na sheria zake.

4.0 Nasaba ya Han: Kutoka Maadili hadi Amri

Han haikuanza kwa kuilegeza sheria ya Qin. Sheria zilizopatikana katika kaburi namba 247 la Zhangjiashan, ambazo huhusishwa na mwaka 186 KK, zinaagiza kwamba mtoto anayemshitaki mzazi asisikilizwe, na mshitaki auawe hadharani sokoni. Hayo yaliandikwa miaka 50 kabla Kaizari Wu hajaanzisha nafasi za wasomi wa vitabu vitano vya Kikonfusio mwaka 136 KK. Kwa hiyo, ukali huo hauwezi kuelezwa kuwa zao la ushindi wa Wakonfusio.

Mchango wa Wakonfusio unaonekana kwa namna nyingine. Dong Zhongshu, msomi wa zama za Kaizari Wu, aliulizwa kuhusu mtu aliyemficha mwana wa kulea aliyeua. Aliona kwamba malezi yalikuwa yamewafanya kuwa baba na mwana, na kwamba baba huyo hakustahili kuadhibiwa. Hapa sitara ilimlinda mkubwa aliyemficha mdogo, kama Confucius alivyoanza kusema.

Mwaka 66 KK, Kaizari Xuan alitoa amri iliyoifanya sitara kuwa sehemu ya sheria. Mtoto aliyewaficha wazazi, mke aliyemficha mume na mjukuu aliyewaficha babu na bibi hawakuwajibishwa. Lakini mzazi aliyemficha mtoto, mume aliyemficha mke, au babu na bibi waliomficha mjukuu, hawakupewa msamaha huo: kosa likiwa la kifo, shauri lao lilipelekwa kwa mkuu wa sheria ili lifikishwe kwa kaizari. Mizani ilikuwa imeinama. Ni kaizari huyohuyo ambaye, kwa mujibu wa Hanshu, alimkemea mrithi wake aliyemlalamikia kwa kutegemea mno adhabu, akamweleza kwamba utawala wa Han siku zote ulichanganya mabavu na maadili.

Mwelekeo huo ulifikia ukomavu katika sheria za nasaba ya Tang za mwaka 653 BK. Ndugu wa kaya moja waliruhusiwa kusitiriana, lakini mtoto aliyemshitaki mzazi alistahili kunyongwa. Ruhusa hiyo yote ilikoma pale kosa lilipokuwa uasi dhidi ya dola.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba kugawa watawala wa China ya kale katika Walegalisti na Wakonfusio kunaficha jambo la msingi. Han Fei aliona kuwa baba ni mshindani wa mtawala. Watunga sheria wa Qin na Han walimtendea kama mshirika, kwa kuwa kaya iliyotii baba ilitawalika kwa gharama ndogo. Wakonfusio waliupa ushirika huo lugha ya upendo, na sheria ikaupa adhabu. Aliyelipa gharama ni mtoto aliyedhulumiwa nyumbani, ambaye chini ya Qin, Han na Tang hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Aidha, ukomo wa sitara pale kiti cha enzi kilipotishiwa unathibitisha kwamba heshima kwa mzazi ililindwa kwa kadiri ilivyoitumikia dola. Watafiti wa falsafa ya utawala, basi, wanapaswa kuvisoma vitabu vya wanafikra sambamba na vibao vya makarani, kwa kuwa ni katika vibao hivyo ndimo inamoonekana nani aliruhusiwa kusema na nani alinyamazishwa.