Umbo, Ukweli, Sababu: Mizuka ya Japani Kutoka Kitabuni Hadi Runingani

Bi harusi ameanguka na kufa siku ya harusi yake, akitoka nyumbani kwao. Jamaa wamekusanyika, na macho yote yako kwa mgeni mmoja: muuza dawa mwenye sanduku la mbao mgongoni na michoro myekundu usoni. Wanajua ana upanga, wanamtaka autumie upesi. Mgeni anakataa. Upanga huo hautoki alani mpaka mambo matatu yajulikane: umbo la mzuka, ukweli wa lililotokea, na sababu iliyofichika mioyoni mwa watu. Kwa Kijapani huitwa katachi, makoto na kotowari.

Kisa hicho, Bakeneko, yaani paka-mzuka, kilionyeshwa mwaka 2006 kikiwa cha mwisho kati ya visa vitatu vya mfululizo wa katuni ulioitwa Ayakashi. Muuza dawa akawavutia watazamaji kiasi kwamba mwaka uliofuata akapewa mfululizo wake mwenyewe, Mononoke: sehemu 12 zenye visa vitano, zilizoongozwa na Nakamura Kenji, zikatengenezwa na Toei Animation na kurushwa usiku na Fuji TV kuanzia Julai hadi Septemba 2007. Filamu ya Miyazaki Hayao ya 1997, Princess Mononoke, ni kazi nyingine kabisa; zinagawana neno tu. Na neno lenyewe lina umri. Katika Hadithi ya Genji, iliyoandikwa karne ya 11, mononoke ni roho ya bibi mwenye wivu inayouacha mwili wake angali hai, ikaenda kumtesa mke wa mpenzi wake.

Kumfanya mganga wa mizuka awe muuza dawa hakukuwa kubahatisha. Wachuuzi wa dawa wa Toyama walizunguka Japani wakiacha dawa majumbani kwa mali kauli. Waliporudi, walihesabu zilizotumika na kudai bei ya hizo tu. Mtu wa namna hiyo ni mgeni, lakini anaingia ndani na anajua nani nyumbani humo anaumwa nini.

Masharti matatu ya muuza dawa yanafanana na kanuni za hadithi za upelelezi. Ukiifuatilia historia ya Wajapani na mizuka yao, inayoitwa yōkai, utaona kwamba wao wenyewe wamepitia hatua hizohizo, na kwa mpangilio uleule.

Hatua ya kwanza ilikuwa umbo. Katika enzi ya Edo (1603–1868), watu walikusanyika usiku kwa mchezo wa hadithi mia. Ziliwashwa tambi 100, na kila hadithi ya kutisha ilipokwisha, utambi mmoja ulizimwa. Ulipozimika wa mwisho, ilisemekana, jambo la ajabu lingetokea. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien alichapisha Gazu Hyakki Yagyō, kitabu kilichompa kila mzuka ukurasa na jina lake, mithili ya vitabu vya mimea na wanyama vya zama zile. Akakifuatisha na vingine vitatu hadi 1784, na walipompungukia wale wa mapokeo, akabuni wa kwake. Kilichokuwa mnong'ono wa kijiji kimoja kikawa sura inayochapwa kwa vibao vya mbao na kuuzwa mjini. Mononoke inalipa deni hilo waziwazi. Picha zake zina chembechembe za karatasi ya Kijapani, mavazi yamejaa nakshi za michoro ya kale, na milango ya kuteleza hufungwa na kufunguliwa kati ya tukio na tukio kama kurasa.

Hatua ya pili ilikuja na enzi ya Meiji, baada ya 1868, pamoja na reli, simu za maandishi na shule za kisasa. Sasa swali likawa: je, ni kweli? Aliyelibeba ni mwanafalsafa Inoue Enryō (1858–1919), mwanzilishi wa shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Toyo. Alizunguka nchi akikusanya habari za mizuka ili azichambue. Wakati ule watu walikuwa wameshikwa na kokkuri, mchezo wa kupiga ramli kwa vijiti vitatu vilivyobeba sinia. Enryō akaeleza kwamba asili yake ni mabaharia wa Kimarekani, na kwamba linaloinamisha sinia ni mikono ya wachezaji wenyewe, ikisukumwa na matarajio yao bila wao kujua. Mengi aliyaona ni makosa, sadfa au ulaghai. Hata hivyo alitenga fungu moja aliloliita fumbo la kweli, ambalo elimu haiwezi kulimaliza.

Mtafiti wa mapokeo ya watu, Yanagita Kunio, akaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1910 alichapisha Tōno Monogatari, masimulizi 119 aliyosimuliwa na Sasaki Kizen, kijana wa Tōno, kaskazini mashariki mwa nchi. Humo yumo zashiki-warashi, mtoto-mzuka anayeishi chumbani: akikaa, nyumba inaneemeka, akihama, inafilisika. Kwa Yanagita, kuwepo au kutokuwepo kwa mtoto huyo hakukuwa hoja kuu. Alitaka kujua kwa nini watu wanamsimulia. Baadhi ya watafiti walimhusisha na njaa na umaskini wa vijijini, na vichanga waliouawa kwa kukosa chakula. Hii ndiyo hatua ya sababu.

Mizuka ilipofika runingani, aliyetangulia alikuwa Kitarō, mhusika wa mchoraji wa katuni Mizuki Shigeru, ambaye akiwa askari alipoteza mkono wa kushoto vitani karibu na Rabaul. Mfululizo wa Kitarō ulianza 1968, ukitengenezwa na kampuni ileile iliyokuja kutengeneza Mononoke. Lakini Kitarō ni rafiki wa watoto. Muuza dawa si rafiki wa mtu.

Katika kisa cha kwanza cha 2007, mjamzito anaomba hifadhi katika nyumba ya wageni na kupewa chumba kilichofungwa siku nyingi. Nyumba hiyo zamani ilikuwa danguro ambamo wanawake walilazimishwa kutoa mimba, na watoto wanaomzunguka wanataka kuzaliwa tu. Kisa cha Nue kinahusu mashindano ya kutambua manukato. Picha imekauka rangi, na rangi hurudi pale moshi unaponuswa. Kinachogombewa ni kipande cha mti maarufu wa Ranjatai, uliohifadhiwa Nara katika hazina ya Shōsōin. Mbabe wa vita Oda Nobunaga aliukata kipande mwaka 1574. Mwenyeji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa sana, maana mti huo ni udi.

Turudi kwa bi harusi. Miaka mingi nyuma, mzee wa nyumba ile alimteka msichana aliyekuwa njiani kwenda kuolewa, akamfungia chumbani mpaka akafa. Faraja yake ilikuwa paka mmoja. Muuza dawa anapouliza, mzee anasimulia habari iliyopambwa, ya mapenzi na huruma, na upanga unabaki alani. Jamaa waliohimiza mzuka uuawe upesi walikuwa na haraka yao: wakubwa miongoni mwao walijua, na upanga ungefanya kazi kabla ya wao kuulizwa.