Kuponi ya mzee Hopkins

Jamani, rafiki yangu anauza bidhaa za watu mtandaoni kwa kamisheni. Matangazo ya Facebook anayalipia mfukoni mwake, na juzi pesa iliisha bila mnunuzi hata mmoja. Nikamsimulia habari za Claude Hopkins wa Marekani. Mwaka 1923 aliandika kuwa tangazo hupimwa kwa kuponi yenye alama yake: zikirudi, unajua lipi limeuza. Amazon ilipoanza kulipa kamisheni mwaka 1996, kiungo kikashika nafasi ya kuponi. Tangu 2021 simu za Apple humwomba mwenyewe ruhusa kabla programu hazijamfuatilia, hivyo kuhesabu kumekuwa kugumu. Dawa ni ile ile ya mzee: kila tangazo na kiungo chake, anza na pesa kidogo, lisilouza lizime. Au mwasemaje?