VIUNGO VYA MTOTO KULEGEA: Zile alama 9 zilitoka wapi? (Sehemu ya 3)

Mama zangu, wengi mmeniuliza: "Nesi, mwanangu anakunja kidole gumba mpaka kinagusa mkono. Ni ugonjwa?" Ili nikujibu vizuri, twende kwanza kwenye historia ya kipimo chenyewe.

Mwaka 1964, Carter na Wilkinson wa Uingereza walikuwa wanachunguza watoto waliozaliwa na nyonga zilizoteguka. Walitaka kujua kama viungo kulegea kunachangia, wakaweka majaribio 5 ya kupima ulegevu.

Mwaka 1973, Beighton, Solomon na Soskolne wakayarekebisha na kwenda nayo kijijini kwa Watswana, Afrika Kusini. Walipima zaidi ya watu 1,000, na hawakuhitaji mashine kubwa. Kidole kidogo kikirudi nyuma kupita digrii 90, alama 1. Gumba likigusa mkono chini ya kiganja, alama 1. Kiwiko kikipinda kinyume zaidi ya digrii 10, alama 1. Goti vilevile. Kulia na kushoto, jumla 8. Ya 9 ni kuinama magoti yamenyooka na viganja vikalala sakafuni.

Waligundua nini? Watoto ndio wenye viungo laini zaidi, ulaini unapungua umri ukienda, na wanawake wanawazidi wanaume.

Umeona hapo? Kipimo kilianza kwa kuangalia jamii nzima, sio wagonjwa waliopanga foleni. Hospitali zilikuja kukichukua baadaye. Mwaka 2017 wataalamu wa ugonjwa wa Ehlers-Danlos waliweka kiwango: mtoto ambaye hajabalehe, alama 6 kwenda juu, aliyebalehe hadi miaka 50, alama 5, zaidi ya hapo, 4. Na hata hivyo alama peke yake haitoshi. Daktari anaangalia pia ngozi, historia ya familia, maumivu na kuteguka mara kwa mara.

Kwa hiyo mama, mtoto mwenye alama 7 anayecheza bila shida, usimpe ugonjwa. Lakini mwenye alama 3 anayelia miguu kila usiku, usikubali aambiwe anadeka. Kipimo hiki hakigusi bega, nyonga wala kifundo cha mguu, na huko nako kunauma.

Ukienda kliniki, usiishie kuonyesha vidole. Sema wapi panauma, lini, na kama kiungo kimewahi kuchomoka.

Sehemu ya 4: mazoezi ya kuimarisha misuli ya mtoto.