Kutoka Katuni ya Gazetini hadi Filamu ya Familia: Historia Inayoonekana Vizuri Kutoka Kieni

Mweiga iko Kieni Magharibi, nchini Kenya, kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nyahururu. Ni mji wa soko, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare. Hakuna anayeutaja kwa habari za sinema. Lakini anayeuliza kwa nini katuni za magazeti yetu hazikuzaa filamu za vichekesho za kutazamwa na baba, mama na watoto pamoja, afadhali aanzie miji ya namna hii, ambako gazeti moja husomwa na watu wengi kabla halijafungiwa sukari.

Miaka ya 1950 mchoraji Edward Gitau alianza kumchora mhusika wa katuni Juha Kalulu, ambaye baadaye alikaa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo. Kalulu ana mke, ana mbwa, na kila siku ana mpango mpya utakaomtajirisha au kumpa sifa. Picha ya kwanza anaupanga, za katikati anajigamba, ya mwisho umemwangukia. Mtoto ambaye hajajua kusoma anaifuata hadithi kwa macho, mzee anaisoma kwa sauti, na wote wanacheka pamoja. Ukiniuliza, kicheko cha namna hiyo ndicho hasa filamu ya familia hukitafuta, na sisi tulikuwa nacho kila asubuhi kwa bei ya gazeti.

Kwingineko njia hii ilipitika. Popeye, baharia wa E. C. Segar, aliingia katika katuni za magazeti ya Marekani mwaka 1929, na mwaka 1980 Robert Altman akamtengenezea filamu akiwa na Robin Williams. Kijiji kizima cha mbao kilijengwa Malta kwa ajili ya filamu hiyo, na kingali kimesimama. Palikuwa na studio kubwa zilizojua kununua haki za mhusika na kuweka mamilioni juu yake. Huku kwetu mchoraji alilipwa kwa kazi ya kila siku, na hapakuwa na kampuni ya filamu ya kumgongea mlango.

Vichekesho vyetu vya skrini vilikuja kwa njia nyingine, kupitia waigizaji wa televisheni ya taifa. Kipindi cha Vitimbi kiliipa Kenya Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, pamoja na Mama Kayai. Tazama umbo la kipindi hicho: nyumba ileile, mume na mke walewale, kosa jipya kila wiki. Hiyo ni katuni iliyopewa miili na sauti. Wanjau alipofariki Julai 2015, nchi ilimlilia kama jamaa, kwa kuwa watoto wa miaka ya themanini walikuwa wamekua akiwa sebuleni mwao.

Upande wa karatasi, jarida la Joe la Terry Hirst na Hilary Ng'weno, lililoanza 1973, liliipa katuni nafasi kubwa. Mganda James Tumusiime naye alimchora Bogi Benda katika Daily Nation. Wahusika wa katuni hizo walikuwa wa maisha ya mjini, na walibaki karatasini.

Cha ajabu ni kwamba filamu ya familia ilikuwa imekwisha kufika Kieni. Born Free, iliyotoka 1966, ilirekodiwa Naro Moru, upande wa pili wa tambarare ya Kieni. Ilitokana na kitabu cha Joy Adamson, na ikapata Oscar mbili kwa muziki wa John Barry. Mandhari ni ya kwetu, lakini nyumba inayosimuliwa ni ya Wazungu wawili na simba wao. Jirani wa Naro Moru alitazamwa kwa mbali.

Mabadiliko yalikuja kuanzia 2010. Shujaaz, katuni ya Sheng, iligawiwa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, kwa hiyo kijana wa mji mdogo aliipata aendapo kutoa pesa. Kisha mwaka 2018 ikaja Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwanza Berlin. Haikutoka katika katuni yoyote, lakini imejaa ndoto zilizozaliwa na katuni. Mhusika wake mkuu, Jo, ana miaka tisa, ni mgonjwa wa kufa, na anachotaka ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake Mwix anawaomba wanakijiji wajifanye nguvu hizo ni za kweli, nao wanakubali. Halafu Mike, mwenye kibanda cha video, anaongoza kijiji kizima kupiga filamu ambayo Jo ndiye nyota wake. Watu wanashona mavazi na kubuni vifaa kwa vitu vya nyumbani, huku wakibishana kwa Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Unacheka, na koo limekukaba.

Supa Modo imeonyesha kuwa hatuhitaji kijiji cha mbao cha Malta. Ningependa mtayarishaji mmoja achukue kurasa za Gitau, azungumze na wenye haki ya kazi hiyo, ampe Kalulu sauti ya mwigizaji hodari wa Kiswahili, na amweke katika shamba la viazi Kieni na mkewe, mbwa wake na mpango mpya wa utajiri. Malipo ya kwanza yaende kwa familia ya mchoraji.